Mfumo wa kusimamia nyaraka katika shirika la mafunzo ya ufundi: tuanzie wapi?

Mratibu_Mbarara aliuliza:

Salaam ndugu zangu.

Ninaratibu mafunzo katika shirika lisilo la kiserikali lenye ofisi kuu mjini Mbarara na kituo cha mafunzo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Tunafundisha ushonaji, uchomeleaji, ususi, ufundi wa pikipiki na ufungaji wa mitambo ya sola. Wanafunzi wetu ni vijana wa Uganda pamoja na wakimbizi, na kwa kuwa wengi wa wakimbizi hao wametoka Kongo, karakana zetu huendeshwa kwa Kiswahili kutwa nzima. Kozi ni fupi, za miezi mitatu hadi sita, hivyo kila mwaka tunapokea makundi kadhaa, na kila kundi huja na karatasi zake: fomu za maombi, nakala za vitambulisho, madaftari ya mahudhurio, karatasi za tathmini ya vitendo, orodha za matokeo, rejesta ya vyeti, mikataba ya wakufunzi, risiti za vifaa na ripoti za wafadhili.

Karatasi hizo zimekaa katika makabati ya Mbarara na katika masanduku ya bati huko Nakivale, ambako unyevu na mchwa haviachi kitu salama kwa muda mrefu. Faili za kompyuta nazo zimetawanyika katika kompyuta za wakufunzi, katika flashi na katika makundi ya WhatsApp. Mtaala wa uchomeleaji peke yake una matoleo matatu yanayotumika kwa wakati mmoja, na hakuna awezaye kusema kwa uhakika ni lipi lililoidhinishwa na kamati. Mhitimu wa miaka iliyopita anapokuja kuomba barua ya uthibitisho kwa sababu cheti chake kimepotea, kazi nyingine husimama hadi jina lake lipatikane, na mara nyingine halipatikani kabisa, jambo ambalo linaniuma sana, kwa maana kijana huyo alisoma, alifaulu, na sisi ndio tuliopaswa kumtunzia ushahidi.

Mkurugenzi amekubali kutenga fedha katika bajeti ya mwaka ujao. Nimesoma kuhusu SharePoint, Nextcloud, Paperless-ngx, Alfresco na Mayan, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kutatizika, kwa kuwa kila programu inasifiwa na watu ambao mazingira yao hayafanani na yetu. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu. Ni programu gani inayofaa shirika la wafanyakazi wasiozidi arobaini, ambalo kituo chake kimoja kina mtandao wa simu tu, tena usiotegemeka? Je, karatasi zote za zamani ziingizwe kwenye kompyuta, au tuanze na za sasa? Na ni nani hasa anayepaswa kuushika mfumo huu: mtu wa kompyuta, mhasibu au ofisi ya mafunzo?

---

Mtunza_Masjala alijibu:

Ndugu Mratibu, swali lako la mwisho ndilo ambalo ningelitanguliza, na majina ya programu ningeyaweka kando kwanza. Programu yoyote kati ya hizo ulizozitaja inaweza kuhifadhi faili, ila hakuna hata moja itakayoamua kwa niaba yenu ni waraka upi ulio halali, nani ameuidhinisha, nani anaruhusiwa kuusoma na lini uteketezwe. Shirika likinunua programu kabla ya kuamua hayo, vurugu iliyomo kabatini itahamia kwenye seva, na huko itakuwa ngumu zaidi kuiona.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Mchukueni mwanafunzi mmoja wa kozi moja, tuseme ushonaji, mfuate safari yake tangu siku anapojaza fomu ya maombi hadi siku anapotia sahihi kupokea cheti, na mwandike kila karatasi anayoigusa au inayoandikwa kumhusu. Kwa kila karatasi ulizeni nani anaiandaa, nani anaisahihisha, nani anaiidhinisha, nakala halisi inakaa wapi, na ni lini mtu wa mwisho ataihitaji. Fanyeni vivyo hivyo kwa mkufunzi tangu anapoajiriwa hadi mkataba wake unapokwisha, na kwa ununuzi mmoja wa vifaa tangu ombi hadi malipo. Mtashangaa kuona ni fomu ngapi zinauliza jambo lile lile mara mbili na tatu, na zile zisizo na msomaji zitajidhihirisha. Zifuteni fomu hizo kabla hazijaingia kwenye mfumo wowote.

Orodha ikikamilika, itenganisheni katika makundi mawili ambayo kanuni zake hazifanani. Kundi la kwanza ni nyaraka za kufanyia kazi, kama vile mitaala, miongozo ya wakufunzi, fomu tupu, taratibu na sera. Hizi hubadilika, kwa hiyo kinachotakiwa ni namba ya toleo, tarehe ya kuidhinishwa, jina la aliyeidhinisha, na hakikisho kwamba toleo lililopitwa na wakati limeondolewa mikononi mwa watu, ingawa nakala yake moja itunzwe daima. Itunzwe kwa sababu mwajiri akiuliza mhitimu wa mwaka 2017 alifundishwa nini, jibu haliwezi kutoka katika mtaala wa leo. Kundi la pili ni kumbukumbu za kazi iliyokwisha kufanyika: mahudhurio, matokeo, rejesta ya vyeti, risiti, mikataba iliyosainiwa. Hizi hazipaswi kubadilika hata nukta, na mfumo lazima umzuie mtu kuzihariri, hata akiwa mkurugenzi. Kosa likigunduliwa katika orodha ya matokeo, marekebisho huandikwa kama kumbukumbu mpya yenye tarehe na sababu, na ile ya awali hubaki kama ilivyo.

Viwango vya kimataifa vinasema hayo hayo kwa lugha yao. ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kupitiwa upya mwaka 2016, kinataka kumbukumbu iwe na sifa nne: iwe ya kweli, iaminike, iwe kamili bila kuchezewa, na iweze kupatikana na kutumika. ISO 9001 cha mwaka 2015, ambacho ni cha usimamizi wa ubora, na ISO 21001, ambacho ni cha taasisi za elimu na mafunzo, vinadai udhibiti wa nyaraka pasipo kulazimisha programu fulani wala hata kompyuta. Shirika lenye daftari zuri la karatasi na nidhamu linaweza kufaulu ukaguzi ambao lenye seva ghali likaanguka.

Kuhusu muda wa kutunza, andaeni ratiba moja ya ukurasa mmoja au miwili na mkurugenzi aitie sahihi. Kumbukumbu za kodi zina muda wake kisheria: Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 inataka zitunzwe miaka mitano baada ya kipindi cha kodi kinachohusika. Mkataba wa mfadhili ukidai muda mrefu zaidi, fuateni ulio mrefu. Orodha za matokeo na rejesta ya vyeti zitunzwe milele, bila mjadala. Madaftari ya mahudhurio hutosha kutunzwa hadi ukaguzi wa mradi na muda uliotajwa katika mkataba viishe. Maombi ya waliokosa nafasi hayana sababu ya kukaa miaka, na kuyaacha yakirundikana ni kuwabebea watu siri zao bila kazi.

Jambo la mwisho, ambalo kwetu Uganda lina uzito wa pekee, ni utambulisho wa mwanafunzi. Msitegemee jina. Hapa nchini mtu huandikwa Nakato Sarah katika daftari la mahudhurio na Sarah Nakato katika orodha ya mtihani, na yote mawili ni sahihi. Kila familia ya Kiganda yenye mapacha ina Wasswa au Babirye wake, pamoja na Kato au Nakato, na darasa moja la Nakivale linaweza kuwa na akina Bahati na Furaha kadhaa. Namba ya kitambulisho cha taifa haitawasaidia kwa wote, kwa sababu mkimbizi hana namba hiyo ya raia. Tungeni namba yenu wenyewe, ambayo mwanafunzi anapewa siku ya usajili, isiyobadilika hata akirudi kusoma kozi nyingine, na namba hiyo iandikwe kwenye kila karatasi inayomhusu bila kuikosa.

---

Fundi_Seva_Gulu alijibu:

Ninamuunga mkono Mtunza_Masjala kwa yote, na nitajazia upande wa mitambo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Makundi mawili aliyoyataja yanaweza kuhudumiwa na programu mbili tofauti, na kwa shirika la ukubwa wenu huo ndio mpango ambao ningeuchagua. Nyaraka za kufanyia kazi zikae kwenye Nextcloud, ambayo ni programu huria, hutunza matoleo ya awali ya kila faili, na humruhusu mkufunzi wa Nakivale kufanya kazi bila mtandao na kuoanisha faili zake mtandao unaporudi. Kumbukumbu zilizokamilika ziende Paperless-ngx, ambayo nayo ni huria. Programu hiyo huchukua karatasi iliyoskaniwa, huyasoma maandishi yake kwa kutumia Tesseract, yaani programu ya kutambua maandishi yaliyo katika picha, huhifadhi faili halisi pamoja na nakala ya PDF/A, ambayo ni aina ya PDF ya kutunzwa kwa muda mrefu, na humwezesha mtu kutafuta kwa neno, kwa aina ya waraka, kwa tarehe au kwa lebo. Tesseract inakifahamu Kiswahili, hivyo barua na ripoti zilizopigwa chapa zitasomeka vizuri. Mwandiko wa mkono ni habari nyingine: daftari la mahudhurio lililojazwa kwa kalamu halitasomeka na mashine kiasi cha kuaminika, kwa hiyo mtu atalazimika kuandika mwenyewe kozi, kundi, mwezi na kituo.

Alfresco na Mayan ni programu imara, lakini zinahitaji fundi wa kuzihudumia mara kwa mara, na sidhani kama mnaye. SharePoint ni nzuri iwapo tayari mnatumia barua pepe ya Microsoft, na kampuni za Microsoft na Google zina mipango ya bei nafuu kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, kwa hiyo msiiache njia hiyo bila kuipigia hesabu. Tatizo lake kwenu ni bando. Waraka mmoja ni mwepesi, lakini kundi zima la fomu zilizoskaniwa likipandishwa kutoka Nakivale kwa mtandao wa simu litakula fedha na saa. Kwa sababu hiyo ningeweka seva ndogo Mbarara, na kule Nakivale kompyuta moja inayokusanya kazi ya siku na kuituma usiku, mtandao unapokuwa mwepesi.

Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 16 na diski mbili zinazonakiliana inatosha kuwa seva. Kisichoweza kukosekana ni betri ya akiba iliyounganishwa kwa namna ambayo umeme ukikatika na betri ikikaribia kwisha, seva inajizima yenyewe kwa utaratibu. Wengi hununua betri na kusahau ule waya mwembamba wa taarifa kati ya betri na seva, kisha hifadhidata inaharibika siku umeme unapokatika kwa saa nyingi. Nakivale tumieni kompyuta ya mkononi badala ya ile ya mezani, na kwa kuwa mnafundisha sola, mna mafundi wa kuwawekea umeme wa karakana wenyewe.

Katika kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa karatasi za kawaida. Nunueni skana inayovuta karatasi yenyewe na kusoma pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ile ya kufunua kifuniko kila ukurasa itamchosha mtu wenu kabla ya wiki kwisha. Simu itumike kwa dharura tu.

Nakala za akiba ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo la Mbarara, ikiwa imefungwa kwa nenosiri ambalo watu wawili wanalijua. Na muhimu kuliko hayo yote, kila muhula mjaribu kurudisha faili kadhaa kutoka kwenye nakala ya akiba hadi zifunguke na kusomeka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu.

---

Mkufunzi_Arua alijibu:

Nawashukuru waliotangulia, ila ninaomba kusema neno kwa niaba ya wakufunzi, kwa sababu mifumo ya namna hii hubuniwa ofisini na kuangukia karakana.

Mkufunzi wa uchomeleaji anamaliza kipindi mikono ikiwa myeusi, ana wanafunzi ishirini wanaorudisha vifaa, na wakati huo huo anatakiwa aweke kumbukumbu. Mkimpa skrini yenye visanduku kumi vya kujaza kwa kila waraka, atajaza viwili na kubuni vinane, na hapo mtakuwa na mfumo unaoonekana umejaa taarifa ilhali hauaminiki. Mwachieni mkufunzi karatasi yake ya mahudhurio na ya tathmini, iliyochapwa tayari ikiwa na kozi, kundi, kituo na namba za wanafunzi, ili kazi yake iwe kuweka alama na kutia sahihi. Karatasi hiyo ikabidhiwe kila Ijumaa kwa mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuskani, naye ndiye ajaze visanduku. Vitano vinatosha: aina ya waraka, kozi, kundi, tarehe na kituo.

Majina ya faili nayo yawekewe kanuni moja fupi ibandikwe ukutani. Tarehe itangulie kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama 2025-03-14, ili faili zijipange zenyewe, kisha ifuate kozi, aina ya waraka na namba ya toleo. Maneno kama «mpya», «mwisho» na «mwisho kabisa» yapigwe marufuku katika jina la faili, kwa maana hayo ndiyo yanayozaa mitaala mitatu ya uchomeleaji.

Sikubaliani na Fundi_Seva juu ya kuanza na programu mbili. Watu wakitakiwa kujua kwanza waraka wao ni wa kundi lipi ndipo wajue pa kuutafuta, wataacha kutafuta na kurudi WhatsApp. Anzeni na Paperless-ngx peke yake kwa kozi moja na muhula mmoja, na mitaala ikae kwa muda katika folda moja ambayo ni ofisi ya mafunzo tu inayoweza kuibadilisha, wengine wote wakiisoma na kuichapa. Programu ya pili ije watu wakishaizoea ya kwanza.

---

Mratibu_Mbarara aliandika tena:

Ndugu zangu, nimefarijika sana. Tumekaa na mkuu wa ushonaji na kuanza kumfuata mwanafunzi mmoja kama alivyoshauri Mtunza_Masjala, na tayari tumeona kwamba namba ya simu ya mlezi inaombwa katika fomu nne, huku namba ya mwanafunzi haimo katika hata moja.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni sheria: faili za wakimbizi zina nakala za vitambulisho vyao, pengine na barua za hospitali, na mfadhili wetu mmoja wa ng'ambo anataka tumtumie fomu zilizoskaniwa za wanafunzi wote. La pili ni zile karatasi za zamani, ambazo hamkuzigusia sana.

---

Afisa_Faragha alijibu:

Mratibu, nitajibu la kwanza, kwa kuwa ni jambo ambalo mashirika mengi hulifikia baada ya madhara kutokea.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za mwaka 2021. Anayesimamia ni Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, yaani Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, na shirika linalokusanya taarifa za watu linapaswa kujisajili huko na kuuhuisha usajili wake kila mwaka. Kama bado hamjasajiliwa, fanyeni hivyo kabla hamjanunua hata skana.

Sheria hiyo inazitenga taarifa za aina fulani na kuzipa ulinzi mkali zaidi: za afya, za fedha, za imani ya dini, za maoni ya kisiasa na za maisha ya kimapenzi. Kwa hiyo ile barua ya hospitali haipaswi kukaa katika faili moja na daftari la mahudhurio ambalo kila mkufunzi analifungua. Iwekewe aina yake ya waraka, na ruhusa ya kuifungua wapewe wawili au watatu tu. Kwa mwanafunzi asiyetimiza umri wa miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa, na katika makazi ya wakimbizi wapo vijana waliokuja bila wazazi, kwa hiyo amueni mapema, kwa maandishi, nani anayetambulika kuwa mlezi wao.

Kwa mkimbizi, karatasi inayoonyesha alikotoka, kabila lake au sababu iliyomtoa kwao inaweza kumhatarisha yeye na ndugu zake waliobaki. Jiulizeni kama mnaihitaji kabisa. Kozi ya ushonaji haihitaji kujua kwa nini mtu alikimbia. Mara nyingi inatosha ofisa wenu akione kitambulisho, aandike kwamba amekiona pamoja na tarehe, na asitoe nakala.

Kuhusu mfadhili, sheria inaruhusu taarifa kupelekwa au kuchakatwa nje ya Uganda endapo nchi inayopokea ina ulinzi unaolingana na wetu, au mwenye taarifa ameridhia. Lakini kabla ya kutafuta ridhaa, muulizeni mfadhili anataka kuthibitisha nini. Kama ni idadi ya waliohudhuria, jedwali lenye namba za wanafunzi, jinsia na siku za mahudhurio linamtosha, na mkaguzi wake akifika Mbarara mtamfungulia karatasi zenyewe mezani. Kulieleza hilo kwa heshima ni sehemu ya kazi yenu ya kuwalinda vijana hao.

Neno moja la kisheria upande wa pili: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inazitambua taarifa za kielektroniki, kwa hiyo waraka haukosi nguvu kwa sababu tu upo kwenye kompyuta. Hata hivyo, mikataba na nyaraka zenye muhuri na sahihi za wino msiziteketeze kabla ya kupata ushauri wa wakili wenu.

---

Mtunza_Masjala alijibu:

Sasa karatasi za zamani. Msiskani kila kitu. Kazi hiyo humeza bajeti yote, humchosha mfanyakazi mnayemtegemea, na mwishowe mnapata maelfu ya kurasa ambazo hakuna atakayezifungua. Chagueni siku moja, kwa mfano mwanzo wa muhula ujao, na kila kinachozaliwa kuanzia siku hiyo kiingie kwenye mfumo. Vya nyuma vifuate ratiba yenu ya utunzaji. Kilichopitiliza muda wake kiteketezwe kwa kumbukumbu yenye sahihi za watu wawili, inayotaja aina ya karatasi, miaka yake na kiasi chake. Kilicho ndani ya muda kibaki kwenye karatasi, kikiwa katika maboksi yenye namba, juu ya rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta ili mchwa wasipate njia. Namba za maboksi ziandikwe kwenye mfumo, ili mtu akitafuta mahudhurio ya mwaka 2019 aambiwe ni boksi lipi na chumba kipi.

Isipokuwa orodha za matokeo na rejesta za vyeti. Hizo skanini zote, tangu kundi la kwanza la shirika, na kazi hiyo ifanyike kabla ya nyingine yoyote, hata kabla ya seva kununuliwa. Rejesta ya vyeti haina kurasa nyingi, nayo ndiyo itakayowasaidia wahitimu wale wanaokuja kuomba barua za uthibitisho. Baada ya kuskani, mtu mmoja asome majina kwa sauti na mwingine ayaandike katika jedwali: jina kama lilivyoandikwa, kozi, kundi, mwaka, namba ya cheti, na ukurasa wa rejesta. Palipoliwa na mchwa au pasiposomeka paandikwe hivyo hivyo, pasikisiwe.

Iwapo wanafunzi wenu walifanyiwa tathmini na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, yaani DIT, tengeni pia nakala za matokeo hayo na za hati za Worker's PAS, ambazo huthibitisha ujuzi uliopatikana kwa vitendo. Sheria mpya ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya mwaka 2025 imeanzisha bodi ya tathmini ya UVTAB, ambayo imechukua tathmini zilizokuwa chini ya DIT na UBTEB, bodi ya zamani ya mitihani ya biashara na ufundi, kwa hiyo miaka ijayo mtaulizwa kuhusu hati zenye nembo ya chombo kisichofanya tena kazi hiyo. Hati za zamani zibaki na vichwa vyake vya zamani. Anayezichapa upya kwa nembo mpya ili zipendeze anaharibu ushahidi.

Kuna faili moja ambayo hamjaitaja na ambayo ningeitafuta leo: kiolezo cha cheti chenye sahihi ya mkurugenzi iliyoskaniwa. Katika mashirika mengi faili hiyo imelala kwenye kompyuta ya pamoja, na yeyote mwenye flashi anaweza kujitolea cheti. Iondoeni kwenye kompyuta zote, ibaki mahali pamoja panapofunguliwa na watu wawili, na sahihi iwe ya wino juu ya karatasi yenye namba mfululizo iliyokwisha kuandikwa kwenye rejesta. Cheti kilichoharibika wakati wa kuchapwa kisitupwe: kipigwe mstari, kiandikwe kwamba kimefutwa, na kibandikwe kwenye ukurasa wake wa rejesta. Mhitimu aliyepoteza chake apewe nakala inayojitaja kuwa ni nakala, yenye namba ya awali na tarehe mpya ya kutolewa.

Na nani aushike mfumo? Ofisi ya mafunzo iwe mwenye mali, kwa maana ndiyo inayojua maana ya kila waraka. Mtu wa kompyuta ahudumie seva na nakala za akiba, bila ruhusa ya kufungua faili za wanafunzi. Mhasibu asimamie za fedha. Mteue msaidizi wa masjala mmoja Mbarara na mwingine Nakivale, kazi hiyo iandikwe katika mikataba yao, na kila mmoja awe na wa kumshikia nafasi anapokuwa likizo. Huyo wa Nakivale mtafuteni miongoni mwa wahitimu wenu wenyewe, anayejua majina ya wenzake yanavyoandikwa na anayeweza kumuuliza mwanafunzi kwa lugha yake pale ambapo karatasi mbili hazikubaliani.